Marehemu Enos Tackett

Vijitabu vilifika Jumatatu asubuhi, Kanali Leander Pruitt akiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi. Vilifungwa kwa kamba ya katani na vilinuka wino mbichi. Juu ya kila kimoja palikuwa na sura yake mwenyewe, ndevu zimechanwa vizuri kuliko alivyopata kuzichana siku yoyote ya maisha yake, na chini ya ndevu maneno makubwa: Maisha ya Kanali L. Pruitt, Wakili, Mwanasiasa na Askari. Binti yake Adelia, msichana wa miaka kumi na tisa, aliikata kamba kwa kisu cha mkate kabla mama yake hajapata nafasi ya kumkemea.

"Tusomee ile ya kilimani," alisema mama yake, Bi Keturah, akijifanya anakusanya makombo mezani. "Hayo ya kuzaliwa kwenye kibanda cha magogo yaache. Siku hizi hakuna mgombea asiyezaliwa kwenye kibanda cha magogo."

Adelia akasimama, kijitabu amekiinua kama mwimbaji wa kanisani.

"'Mizinga ya watu wa kusini ilitapika moto. Mshika bendera, Koplo Tackett, alipoanguka na kukata roho chini ya Kilima cha Harkin, Kanali aliinyakua bendera kutoka katika mkono uliokwisha kupoa, akawageukia vijana wake, akasema: Nifuateni! Akapanda nayo hadi kileleni, risasi zikimpita kama nyuki.'" Akatua. "Kama nyuki! Bwana Goodloe anajua kuandika, baba."

"Anajua," alisema Kanali.

Aliyasikiliza maneno yale kama mtu asikilizaye mvua inayonyesha kwa jirani. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu siku ile, na kila kilima kile kilipotajwa, yeye hakuona kilima. Aliona majani mapana ya mkuyu, jua limeyapenya yakawa ya kijani kama chupa, na chini yake maji yanayotembea polepole bila haraka ya kufika popote. Kahawa ikapoa mkononi. Keturah alimsemesha mara mbili ndipo akasikia.

"Nasema, Jumamosi uvae koti jeusi. Wajumbe wa chama watakutazama kola kabla hawajakutazama usoni."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wajumbe wangekusanyika hapo Tolliver, mji mdogo ulioegemea mto Wabash, wamchague mtu wa kugombea kiti cha Bunge huko Washington. Kanali alikwisha kukaa vipindi viwili katika baraza la jimbo la Indiana. Mpinzani wake alikuwa Haskett, mfanyabiashara wa tumbaku, mtu asiye na vita wala kilima. Haskett hakuwa na kijitabu.

*

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, Kanali alikuwa katika chumba cha mbele alichokifanya ofisi ya uwakili, akiandika hati ya mpaka wa shamba, aliposikia mke wake akizungumza na mtu mlango wa jikoni.

"Sinunui kitu leo."

"Siuzi kitu, mama. Namtafuta Kanali."

"Kanali ana kazi. Futa viatu. Hapana, sikusema uingie, nimesema ufute viatu. Keti hapo kwenye ngazi."

Halafu ile sauti ikasema kwa upole, "Hii asali ni ya nyuki wangu. Mke wangu ameniambia nisije mikono mitupu."

Kanali akaiweka kalamu chini. Sauti hakuijua, ila mwili wake uliijua. Nywele za shingoni zilimsimama kama za mbwa. Alipofika jikoni alimkuta mtu mrefu aliyekonda, koti lake la jeshi limefifia hata halina rangi, fimbo kati ya magoti. Mtu yule akainuka kwa taabu, akapiga saluti.

"Afande."

"Habari yako," alisema Kanali, akitafuta jina.

"Umenisahau. Si kosa lako, hata mimi nimesoma kwamba nimekufa." Akachomoa mfukoni kipande cha gazeti la Goodloe, lililokuwa limechapisha ile sehemu ya kilimani wiki iliyotangulia. "Mke wangu ndiye aliyenisomea. Akaweka gazeti chini akasema, 'Enos, kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimfulia marehemu.'" Akacheka, kicheko cha mtu asiye na kinyongo. "Enos Tackett, Afande. Koplo. Wewe huwezi kukumbuka kila mtu. Tulikuwa wengi wakati tunakwenda."

Keturah alikuwa amesimama kwenye jiko na mwiko mkononi, matofaa yakichemka, yakianza kushika chini. Hakuyakoroga.

"Nakukumbuka," alisema Kanali.

Shida ya Tackett ilikuwa fupi. Daftari za kikosi ziliungua pamoja na gari la mizigo wiki moja baada ya vita. Kapteni wake alikufa kwa homa ya tumbo. Luteni alihamia Oregon na hakuandika tena. Mara mbili ameomba pensheni, mara mbili amejibiwa alete ushahidi.

"Wanataka afisa mmoja tu aape kwamba mguu huu niliuvunjia vitani, siyo kwa kuanguka kutoka darini mwa ghala nikiwa mlevi. Mkaguzi wao atakaa hapa mahakamani Ijumaa. Ijumaa moja tu, halafu anakwenda Terre Haute, na faili langu linafungwa."

"Mguu wenyewe unasemaje?"

"Unatoa usaha tena. Daktari wa kwetu anautazama kama seremala anavyotazama ubao. Na mimi ni mtengeneza magurudumu, Afande. Mashine yangu naiendesha kwa mguu. Ukikatwa nitakuwa nani?" Akaitazama fimbo yake. "Siku ile mimi nilidhani wewe ndiye uliyekufa. Farasi wako alitupita mtupu, tandiko limemgeukia tumboni. Nikaita. Haki ya Mungu, nilipokuwa nimelala kule juu nilikulilia."

Kanali akaitazama ile asali.

"Njoo Ijumaa asubuhi," alisema. "Tutaonana mahakamani."

Tackett akapiga saluti tena, akashuka ngazi, hatua na mburuzo, hatua na mburuzo. Hajafika langoni Keturah alikuwa amechukua kitambaa anafuta ngazi alipokuwa amekaa. Mtu yule akageuka kufunga lango, akaona. Akaigusa kofia yake kwa adabu, akaenda zake.

*

Goodloe alikuja Jumatano, akaketi barazani na kujaza kiti chote. Alikuwa mwenye gazeti, mwandishi wa kijitabu, na kwa maoni yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatengeneza wabunge wa upande ule wa mto tangu kabla ya vita.

"Kwa hiyo marehemu anatembea?" aliuliza.

"Anachechemea," alisema Keturah.

"Angekufa kweli ingekuwa adabu zaidi." Akatema tumbaku kwenye maua. "Leander, kwa nini hukuniambia kwamba mtu huyu yu hai?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza jina la mshika bendera tu."

"Basi si neno. Andika kwamba aliumia vitani, nukta. Vita ni pana. Usitaje kilima, usitaje bendera."

"Mkaguzi ataniuliza alikuwa akifanya nini alipoumia. Nami nitakuwa nimekwisha kuapa."

"Basi ugua! Ijumaa ugua, Jumamosi upone. Wanasiasa wamefanya hivyo tangu enzi za Farao."

"Jumatatu tutaandika barua Washington," alisema Keturah. "Barua ya mgombea ina uzito kuliko kiapo cha wakili wa kijijini. Huyo mtu atafaidika zaidi akisubiri siku tatu."

"Faili linafungwa Ijumaa, Keturah."

"Mafaili hufunguliwa. Ndiyo maana yamefungwa kwa kamba."

Goodloe akacheka hadi kiti kikalia. Keturah hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi kuliko nafasi aliyopewa ya kuzitumia, na moyoni alikuwa na kidonda chake. Katika kipindi cha kwanza cha mume wake katika baraza la jimbo, walialikwa nyumbani kwa jaji mmoja huko Indianapolis. Mke wa jaji alimtazama mara moja, gauni lake alilolishona mwenyewe, akamkabidhi koti la mgeni aliyekuwa nyuma yake. Keturah alilipokea. Alisimama nalo ukumbini dakika nzima, hajui pa kulitundika, watu wakimpita. Koti lile hakuwa amelitua bado.

Goodloe alipoondoka, mke akamgeukia mume. "Nimechoka kuwa mke wa mtu aliyekaribia," alisema. "Alikaribia kuwa jaji. Alikaribia kuwa tajiri. Safari hii fika, Leander. Nakuomba."

*

Alhamisi hakuandika hata mstari mmoja. Aliketi ofisini, dirisha wazi, joto la Septemba likiingia na sauti ya nzi, na akakiacha kile kijito cha chini ya mkuyu kimjie akilini.

Siku ile kombora la kwanza lilipasuka mbele ya farasi wake hata kabla ya amri kutoka. Alirushwa angani, akaona mbingu chini yake na nyasi juu, halafu akawa majini. Alijipapasa: mkono, mkono, mguu, mguu. Hakuwa na jeraha hata la mwiba. Ukingo wa kijito ulikuwa umeliwa na maji, na mizizi ya mkuyu mkubwa ilining'inia pale kama pazia. Akajisogeza nyuma yake. Alikusudia kuvuta pumzi tatu tu.

Juu ya ukingo watu wake walipita wakikimbia, udongo ukimdondokea kichwani. Akasikia mtu anaita: Kanali! Kanali! Kanali Pruitt! Akafumbua kinywa, na kinywa hakikutoa sauti. Hakuwa na hofu tena, hilo ndilo lililomsumbua miaka yote. Hofu ilikwisha pale pale alipoingia majini, kama kofia iliyochukuliwa na mkondo. Visamaki vidogo vilikuja kumnusa vifungo vya koti. Mwanga ulipita kwenye majani ukaandika na kufuta, ukaandika na kufuta, juu ya mikono yake. Kwa mbali mizinga ilivuma kama mtu anayeburuza meza nyumba ya jirani. Akakumbuka ukoka wa nyumbani kwa mama yake. Akaegemeza kichwa kwenye mzizi. Akalala usingizi, usingizi mtamu ambao hajaupata tena, na alipoamka jua lilikuwa limeinama na uso wake ulikuwa umelowa tabasamu.

Alitoka kijitoni watu wakishuka kutoka kilimani na majeruhi wao. Wanne walimbeba mtu juu ya mlango wa zizi, mguu wake umepinda pasipokuwa na goti, bendera amejizungushia kiunoni na kuifunga mafundo mawili. Hakuwa na fahamu. Mmoja wa wabebaji akasema, "Ichukue, Kanali, asije akazikwa nayo." Akaifungua kwa mikono yake, fundo la kwanza, fundo la pili. Alikuwa ameishika hivyo, amelowa, ana matope, jenerali alipofika kwa farasi akamkuta nayo. Jenerali akavua kofia.

Hakusema uongo siku ile. Hakusema kitu chochote. Wengine wakasema kwa niaba yake, mwaka baada ya mwaka, naye akawaacha waseme, mpaka maneno yao yakawa nyumba na yeye akahamia ndani.

*

Ijumaa alfajiri Keturah alimfungia kola. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unakwenda," alisema.

"Nakwenda."

"Kumwandikia ile ya vita ni pana?"

Kanali akainua kidevu. Keturah akamfunga kifungo cha mwisho, lakini hakuuondoa mkono wake shingoni mwake.

"Leander, mimi si mjinga. Wenzako waliotoka vitani hupiga kelele usingizini. Wake zao wananiambia kisimani. Wewe hucheka. Miaka kumi na miwili nimelala kando ya mtu anayecheka usingizini kama mtoto anayeogeshwa. Aliyepanda kile kilima hacheki hivyo."

"Keturah, nikwambie—"

"Usiniambie." Akamziba mdomo kwa kiganja. "Nikiambiwa nitalazimika kuishi nalo. Sasa hivi ninaishi kando yake tu."

*

Ukumbi wa mahakama ulijaa wanaume waliopigana katika vikosi mbalimbali, mabenchi mazima ya mikono iliyopungua na miguu ya mti. Mkaguzi aliketi meza ya mbele, mtu mwembamba mwenye mafua, leso moja kushoto na wino kulia. Adelia naye alikuwapo. Hakuna aliyemtuma, alikuja na kapu la vijitabu, akipita benchi hata benchi.

"Baba yangu, kesho Jumamosi," aliwaambia. "Mwambieni mjumbe wenu."

Alipomfikia mtu mmoja mrefu aliyeketi mwishoni, mtu yule akakirudisha kijitabu taratibu. "Asante, binti. Hiki nimekwisha kukisoma. Mimi mwenyewe nimo."

"Umo? Wapi?"

"Ukurasa wa tisa. Usiwe na wasiwasi, sikai sana."

Kabla hajauliza zaidi, mkaguzi akaita jina, "Tackett, Enos," na mtu yule akainuka. Adelia akalisikia jina. Baba yake alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza, mkono wa kuume umeinuliwa, akiapa kusema kweli.

"Ulikuwa kamanda wake?" aliuliza mkaguzi.

"Ndiyo."

"Aliumia wapi?"

"Kilima cha Harkin, Tennessee."

"Akifanya kazi gani?"

Nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya karatasi. Kanali alimtazama, akawaza kwamba bado kuna nafasi, kwamba nzi akiruka sasa hivi atasema vita ni pana. Nzi hakuruka.

"Alikuwa ameshika bendera ya kikosi. Aliipandisha kutoka chini hadi juu."

Benchi moja likalia. Mtu akasema kwa sauti ya chini, "Kha!"

Mkaguzi akapiga chafya, akaandika. "Ulimwona kwa macho yako?"

"Hapana."

"Basi, Kanali, hiyo ni habari ya kusikia. Wewe ni wakili, sina haja ya kukufundisha. Kama hukumwona, kiapo chako hakina—"

"Sikumwona akipanda. Nilimwona akishushwa. Alikuwa juu ya mlango wa zizi, mguu umevunjika chini ya goti, bendera imefungwa kiunoni mwake mafundo mawili. Niliifungua mimi."

"Wewe mwenyewe."

"Kwa mikono hii."

Mkaguzi akainua macho yake mekundu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kumtazama mtu badala ya faili. Akavuta kijitabu kilichoachwa pembeni mwa meza, akakifungua, akasoma kidogo, akakifunga.

"Lazima niulize, maana Washington wataniuliza. Wewe ulikuwa wapi yeye akiwa kilimani?"

"Kijitoni. Farasi alinitupa. Nilikuwa mzima. Nikajificha chini ya mizizi ya mti mpaka mapigano yakaisha."

"Kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama."

Hakuna aliyezomea. Labda wangezomea ingekuwa nafuu. Kalamu ya mkaguzi ilikwaruza karatasi. Mlangoni Adelia alikuwa amesimama na kapu lake. Mzee mmoja asiye na mkono alichukua kijitabu alichopewa, akakirudisha kapuni bila kumtazama msichana, na mwingine akafuata, na mwingine. Akasimama pale akivipokea.

"Inatosha," alisema mkaguzi. "Tia sahihi hapa. Na hapa." Kisha, akiwa amekunja karatasi: "Tackett, hii itapita."

Kanali aligeuka. Tackett alikuwa hatua mbili tu, ameegemea fimbo, uso umebadilika rangi.

"Nilikuita," alisema.

"Nilisikia."

"Nilikuita mara mbili."

"Mara tatu," alisema Kanali.

Tackett akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu aliyokuwa akiikosea miaka mingi. "Mara tatu. Eh." Akavaa kofia, kisha akakumbuka yumo mahakamani akaivua. "Sina neno la kukwambia leo, bwana Pruitt. Labda siku nyingine. Labda hapana."

Hakusema Afande. Akatoka, hatua na mburuzo, na wale wa mabenchi wakamwinukia mmoja mmoja, wenye miguu na wasio nayo.

*

Jumamosi wajumbe walimchagua Haskett kabla ya saa sita mchana. Goodloe aliandika kwamba Kanali Pruitt amejiondoa kwa sababu ya afya, ambalo ndilo neno la mwisho la hisani alilomfanyia, maana baada ya hapo alivuka barabara kila alipomwona.

Nyumbani hakukuwa na kelele. Keturah alilikunja gauni alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya Washington, akaliweka sandukuni na majani ya mrujuani yenye harufu kali, lisiliwe na nondo. Alipika, alifua, alimjibu mume wake alipoulizwa. Kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza akifika. Siku moja mke wa muuza nyama akamwambia, "Pole, Bi Keturah," naye akasema, "Pole ya nini? Mume wangu yu hai," akajaza ndoo mpaka ikafurika. Hakumwambia mtu alichosema.

Wateja walipungua. Wengine walibaki, hasa wajane na watu wenye kesi mbaya, ambao labda walipata faraja kukaa mbele ya mtu ambaye hakuna tena la kumficha. Mitaani waliendelea kumwita Kanali, kama vile watu wanavyoendelea kuuita uwanja kwa jina la nyumba iliyokwisha kuungua.

Adelia hakusema na baba yake wiki tatu. Mwezi wa kumi akachukua kazi ya ualimu, shule ya chumba kimoja, wilaya ya pili, maili ishirini kutoka nyumbani. Alimbusu mama yake. Kwa baba yake alisimama, akamnyoosha kola, akapanda gari. Majira ya baridi yakaja, mto ukaganda pembezoni, na Kanali aliota kama zamani, ila sasa alipoamka alimkuta Keturah amefumbua macho anamtazama.

Binti alirudi kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei, amepanda farasi wa kuazima, anatoka jasho. Baba yake alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Akaziacha.

"Watoto wawili wa Tackett wako darasani kwangu," alisema Adelia, hata kabla ya salamu. "Sikwenda kule kwa ajili hiyo. Imetokea tu."

"Mguu wake?"

"Haukukatwa. Fedha zilikuja Februari, akaenda kwa daktari wa Evansville, akamtolea kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Anatembea kwa fimbo bado. Mashine anaiendesha." Alimfungua farasi mkanda wa tandiko. "Jumapili walinialika chakula. Mke wake ananipa sehemu nzuri ya kuku, ananiona aibu kuliko mimi ninavyomwona yeye. Nikamwuliza mume, nimwambie nini baba?"

Upepo wa mtoni ulikuwa ukiyageuza majani, upande mweupe, upande wa kijani.

"Akaisogeza sahani yake. Halafu akasema, waliopanda naye kile kilima wote wamekufa au wametawanyika, na yeye mwenyewe hakumbuki vizuri, moshi ulikuwa mwingi. Akasema, 'Muulize baba yako. Kutoka pale alipokuwa, alituona tukipanda?' Basi. Hilo tu ndilo anataka kujua. Kama kuna mtu aliyewaona."

Yote yale mawili, matatu aliyoyasema mahakamani yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na moja ambalo mkaguzi hakuuliza, na Keturah alikataa kuambiwa, na yeye alilihifadhi kwa sababu ndilo lililokuwa tamu.

"Sikuwaona," alisema. "Nilikuwa nimelala, Adelia. Nililala usingizi. Wakati wanapanda mimi nilikuwa nimelala, na sijawahi kulala vizuri kama siku ile."

Msichana akabaki na mkanda mkononi. Kwenye mlango wa jikoni mama yake alikuwa amesimama na unga mikononi. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Safari hii hakumziba mtu mdomo.

"Hilo," alisema Adelia mwishowe, "mimi simpelekei. Utampelekea mwenyewe."

"Atanifukuza."

"Huenda."

Kanali alinawa mikono kwenye pipa, akavaa koti lake la kazi. Akamgusa farasi shingoni. Bado alikuwa na joto, mishipa ikimpiga.

"Amechoka huyu," alisema.

"Mwache apoe kwanza," alisema Keturah kutoka mlangoni. "Nyote wawili kaeni, mkate unatoka sasa hivi. Huwezi kwenda kumwambia mtu neno kama hilo na tumbo tupu."

Wakaketi kwenye ngazi ya jikoni, baba na binti, wakimtazama farasi akipumua, wakingoja jasho limkauke.